Edison Dye na tu-stroki za Uswidi: mfululizo wa mbio ulioanza kwa watu kujionea

Mwishoni mwa mwaka 1966 Torsten Hallman wa Uswidi alifika California. Alikuwa ametoka kutwaa ubingwa wa dunia wa motokrosi (mbio za pikipiki kwenye njia ya udongo yenye mashimo na kona), daraja la cc 250, kwa mara ya tatu, lakini huko alikofika ni wachache waliolijua jina lake. Motokrosi yenyewe walikuwa hawajaizoea. Mashariki mwa nchi, huko Grafton katika jimbo la Vermont, mbio za aina hiyo ziliwahi kufanyika tangu 1959, ila hazikuenea. Wamarekani walikuwa na mbio zao na mashujaa wao: mbio za duara la udongo, mbio ndefu za jangwani, mbio za kupanda vilima. Pikipiki walizoziamini zilikuwa Triumph, Matchless na BSA za Uingereza, fo-stroki (injini ya mipigo minne) za cc 500 na 650, zilizovuliwa taa na kila kisichohitajika na bado zikazidi kilo 150. Katikati ya midude hiyo Hallman alisimamisha Husqvarna ya Uswidi ya cc 250, tu-stroki (injini ya mipigo miwili), yenye uzito wa kilo kama 100, silinda moja, bila valvu hata moja. Ukiitazama kando ya Triumph ungedhani mtu kaazima pikipiki ya mwanawe.

Mbio zikaanza, na wenye Triumph wakamwona mgongo tu. Alizunguka kwenye viwanja kadhaa nchini humo, akashindana na yeyote aliyejitokeza, na hakupatikana wa kumshinda.

Aliyemleta ni Edison Dye, mhandisi wa San Diego aliyekuwa akiagiza Husqvarna kutoka Uswidi. Nakichambua kisa chake kwa sababu kila ninapokaa na vijana wanaotaka kuanzisha mbio za tu-stroki hapa kwetu Afrika Mashariki, mazungumzo huanza na kanuni, kombe na mdhamini. Tunaweza kumaliza saa mbili tukibishana juu ya rangi ya namba. Dye alianzia kwingine kabisa, na alikoanzia ndiko kulikompa watu. Lakini lipo jambo moja aliloliacha mikononi mwa wengine, nalo likamgharimu mfululizo wake. Mambo hayo mawili ndiyo ninayoyatafuta humu.

Kwanza tuielewe pikipiki yenyewe

Nilikulia mahali ambapo bwana shamba alitembelea Yamaha ya kuchanganya mafuta. Tulimsikia kabla hajatokea kwenye kona, ule mlio wa kukatakata kama mtu anayepasua kuni kavu haraka haraka, na alipopita ulibaki moshi wa buluu na harufu ambayo mpaka leo nikiisikia nageuza shingo. Siku moja ilimzimikia mbele ya nyumba yetu. Alishuka bila wasiwasi, akatoa spana ya plagi chini ya kiti, akaifungua plagi ikiwa imelowa oili nyeusi, akaipangusa kwa kitambaa, akaikwangua ncha kwa waya, akaipuliza, akairudisha. Akapiga kiki mara tatu, akaondoka. Sisi watoto tuliokuwa tumezunguka tulikuwa tumeona kila kitu kilichofanyika, na nadhani mmoja wetu angeweza kukirudia kesho yake.

Hicho ndicho kiini cha tu-stroki. Kwenye fo-stroki pistoni hupanda mara mbili ndipo mlipuko mmoja utokee, na katikati hapo valvu lazima zifunguke na kufunga kwa wakati wake, kwa hiyo unahitaji kamshafti, cheni ya kuizungusha, springi, na oili inayozunguka ndani kwa pampu yake. Kwenye tu-stroki kila pistoni ikifika juu kuna mlipuko. Valvu hakuna. Silinda ina madirisha ubavuni, na pistoni yenyewe ikipanda na kushuka ndiyo inayoyafungua na kuyafunga. Oili inachanganywa na petroli, inalainisha kranki na pistoni ikiwa njiani, kisha inaungua pamoja nayo. Kwa ukubwa uleule wa injini unapata nguvu nyingi zaidi, na kwa nguvu zilezile unabeba chuma kichache.

Udhaifu wake wa zamani ulikuwa kwamba mchanganyiko mbichi ulikimbilia nje pamoja na moshi kabla haujaungua. Dawa ilipatikana Ujerumani Mashariki, kwenye kiwanda cha MZ, ambako mhandisi Walter Kaaden aliikamilisha ile ekzosi yenye tumbo. Wimbi la msukumo hutoka kwenye silinda, hufika kwenye sehemu ekzosi inapoanza kusinyaa, hurudi nyuma, na huusukuma ndani mchanganyiko uliokuwa unataka kutoroka. Mwaka 1961 dereva wa MZ, Ernst Degner, alitoroka akiwa kwenye mashindano Uswidi, akahamia Suzuki na ujuzi huo, na mwaka uliofuata akaipa Suzuki ubingwa wa dunia wa cc 50. Mbio hizo ni za lami, lakini maarifa hayo yalikwenda mpaka kwenye tope. Katika motokrosi ya cc 250, Dave Bickers wa Uingereza alikuwa ameshatwaa ubingwa wa Ulaya mwaka 1960 na 1961 akiwa juu ya Greeves, tu-stroki. Hallman alifuata na ubingwa wa dunia mwaka 1962 na 1963. Mwaka 1966 Paul Friedrichs alitwaa hata daraja la cc 500 kwa CZ, tu-stroki ya Chekoslovakia, kwenye uwanja ambao fo-stroki nzito zilidhani ni wao milele.

Kwa hiyo Dye alipoiona Husqvarna, Ulaya ilikuwa imekwisha kuamua. Ni Marekani ndiyo iliyokuwa haijasikia.

Kuuza kwa kuonyesha

Dye hakuwa mkimbiaji. Alikuwa akiwapeleka Wamarekani Ulaya kwa matembezi ya pikipiki, na ni huko alikoikuta Husqvarna. Akachukua uwakala. Hapo akawa na shida ambayo kila muuzaji wa kitu kigeni anaijua: unamwambia nini mtu aliyepanda cc 650 maisha yake yote, ili anunue cc 250 inayotoa moshi? Tangazo la gazeti halimgeuzi. Takwimu za uzito hazimgeuzi. Atakwambia yeye anataka nguvu.

Dye akaamua kutomwambia kitu. Akamleta bingwa, akamweka kwenye mstari mmoja na majirani wa mtu huyohuyo, juu ya ardhi wanayoijua wao, akawaachia watazame. Mwenzake Hallman kutoka Uswidi, Lars Larsson, naye alifanya kazi hiyo ya kupanda na kuonyesha.

Jaribu kujiweka kwenye kamba ya watazamaji siku ile. Wewe umezoea kuona mtu akikaa kwenye kiti na kushikilia usukani kwa nguvu zote wakati Triumph inamrusharusha. Shokapu za nyuma za wakati ule zilikuwa na mwendo wa sentimita kumi hivi, basi. Baada ya hapo ni mgongo wako ndio unaomeza mashimo. Halafu anapita huyu Mswidi amesimama juu ya vikanyagio, magoti yamekunjika kidogo, pikipiki inacheza chini yake huku yeye katulia kama mtu aliyesimama kwenye mtumbwi. Anafika kwenye kona akiwa na kasi ambayo mwenyeji wako ameshaiacha mita ishirini nyuma. Anageuza, anafungua gesi, ule mlio unapanda, na ameondoka. Mzunguko unaofuata anafanya vilevile, palepale, bila kukosea.

Na anaendelea kufanya hivyo, jambo lililowaumiza zaidi. Motokrosi ya Ulaya ilikuwa ya mbio ndefu, dakika 40 hivi kila moja, na zaidi ya moja kwa siku. Mtu mwenye kipaji lakini asiyefanya mazoezi ya mwili alikuwa anakwenda vizuri robo ya kwanza, kisha mikono inakufa ganzi na vidole havifungi breki tena. Wamarekani waliondoka viwanjani wakijua mambo mawili: pikipiki yao ni nzito mno, na wao wenyewe hawana pumzi. La kwanza Dye aliweza kuwauzia siku ileile. La pili waliondoka nalo nyumbani, na ndilo lililowarudisha tena mwaka uliofuata.

Hapa ndipo ninapomheshimu sana. Angeweza kumficha Hallman asiwafundishe wenyeji, awe maonyesho tu ya kila mwaka. Lakini wale wageni walichanganyika na watu, walipanda nao, walionekana wakitengeneza pikipiki zao kwa mikono yao. Shule ilikuwa wazi.

Kutoka onyesho kwenda mfululizo

Mwaka 1967 Dye akapanua. Aliita mfululizo wake Inter-Am, na safari hii akaleta Hallman, Joel Robert na Roger De Coster wa Ubelgiji, na Dave Bickers wa Uingereza. Robert alikuwa ameshakuwa bingwa wa dunia mwaka 1964 akiwa na umri wa miaka 20, na baadaye aliongeza mataji mengine matano mfululizo, 1968 hadi 1972. De Coster wakati huo alikuwa bado hajawa chochote mbele ya dunia. Mataji yake matano ya cc 500 yalianza 1971.

Aliwapataje watu wa kiwango hicho? Alitazama kalenda. Msimu wa ubingwa wa dunia ulikwisha kabla ya baridi kuingia, na baada ya hapo bingwa wa dunia alikuwa mtu asiye na kazi mpaka mwaka mpya. Alikuwa amezoea kuishi kwa pesa ya kuanza, ile anayolipwa kwa kujitokeza tu, kabla hata ya zawadi. Mtu akimpa tikiti, pikipiki, pesa ya kuanza na wiki kadhaa za jua la California wakati kwao kuna theluji, anakataaje? Dye hakugombea tarehe na mtu yeyote. Alichukua wiki ambazo wengine waliziona hazina kazi.

Na aliufanya kuwa mfululizo, kutoka upande wa Massachusetts mpaka California, badala ya siku moja kubwa. Nimelifikiria hili sana. Siku moja kubwa inajaza uwanja, watu wanakwenda nyumbani wakisimulia, na baada ya mwezi wamesahau. Mbio zinazohama wikiendi kwa wikiendi zinaacha kitu kila mahali: shamba moja limepata njia ya mbio, duka moja limechukua uwakala wa spea, kijana mmoja amegundua kwamba alimaliza wa kumi na mbili na wa kumi na moja anaishi mtaa wa pili. Wiki inayofuata hao wawili wanafanya mazoezi pamoja. Motokrosi ya Marekani ilizaliwa kwa vijana hao, waliobaki pale wageni walipokwisha kupanda ndege.

Na waliweza kubaki kwa sababu pikipiki ilikuwa tu-stroki. Inter-Am haikuwa na kanuni iliyosema fo-stroki haziruhusiwi. Hapakuwa na haja. Kijana wa miaka kumi na sita hakuwa na uwezo wa kuitunza Triumph ya mbio, lakini tu-stroki ya silinda moja aliweza kuilaza kwenye gereji ya baba yake Ijumaa usiku. Unatoa ekzosi, unafungua nati za kichwa, unavuta silinda juu taratibu huku mkono mwingine umeshika pistoni isijigonge. Unaitazama: upande wa ekzosi kuna mikwaruzo, ringi imelegea. Unafunika mdomo wa injini kwa kitambaa safi ili klipu ya pini isije ikadondokea ndani (kila fundi wa tu-stroki ana siku yake ya kuitafuta klipu hiyo kwa sumaku saa sita ya usiku). Pistoni mpya, ringi mpya, gasketi mpya, unarudisha. Asubuhi unachanganya mafuta na kwenda uwanjani. Hakuna mtu wa kulipwa katikati yako na mbio zako.

John Penton wa Ohio ni mfano mzuri wa moto huo ulivyosambaa. Aliuza Husqvarna upande wa mashariki, akaona kuna watu wanaohitaji kitu kidogo zaidi. Husqvarna haikulitaka wazo lake, akalipeleka Mattighofen, Austria, kwenye kiwanda kidogo kilichoitwa KTM. Mwaka 1968 pikipiki za Penton za cc 100 na 125 zikaanza kuingia Marekani, zikiwa na injini za Sachs. KTM hiyohiyo ndiyo leo inayotengeneza tu-stroki za motokrosi kuanzia ya mtoto wa miaka minne mpaka ya mtu mzima.

Palipomshinda

Sasa tuje kwenye upande unaouma.

Marekani ilikuwa na chama kikubwa cha mbio za pikipiki, AMA, lakini wakati Dye anaanza, AMA haikuwa mwanachama wa shirikisho la dunia, FIM. Macho yake yalikuwa kwenye mbio za duara la udongo, ambako Harley-Davidson ilikuwa na nguvu. Motokrosi ilionekana ni mchezo wa Wazungu wa ng'ambo. Dye akafanya kazi yake nje ya chama hicho, na kwa miaka kadhaa hilo lilimfaa: hakuna aliyemwingilia, hakuna aliyempangia.

Mwaka 1970 AMA ikaingia FIM. Kuanzia hapo ikawa ndiyo yenye mlango wa kuwaruhusu madereva wa kimataifa kushindana Marekani kihalali. Mwaka huohuo ikafungua mfululizo wake, Trans-AMA: madereva wa Ulaya, majira yaleyale, safari ileile ya kuvuka nchi, kwa watazamaji ambao Dye alikuwa amewakusanya mmoja mmoja. Inter-Am haikufa siku hiyo. Mwaka 1971 daraja lake la cc 250 lilitumika hata kumpata bingwa wa taifa, Gary Jones. Lakini kuanzia hapo ilikuwa inatembea chini ya mwavuli wa mwingine. Mwaka 1972 AMA ikaanzisha ubingwa wake kamili wa taifa, na Inter-Am ikazidi kupungua mpaka ikatoweka.

Siisemi AMA vibaya. Chama kilifanya ambacho chama hufanya, na bila chama motokrosi isingepata bima, waamuzi na ngazi za ubingwa zinazoeleweka. Ninachokiona ni kwamba Dye alikuwa na kila kitu isipokuwa karatasi. Alikuwa na madereva kwa urafiki, viwanja kwa makubaliano, watazamaji kwa sababu walimwamini. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho mwenye muhuri hawezi kukichukua. Angekuwa amekaa mezani na AMA mwaka 1968, wakati chama bado kinaona motokrosi haina thamani, angeweza kuandikisha kwamba mfululizo huu, jina lake na majira yake ni vya kwake, na wao wapate ada yao. Mwaka 1970 hakuwa tena na cha kubadilishana.

Kuna jambo dogo la mwaka huo wa kwanza wa Trans-AMA ambalo wapenzi wa tu-stroki hatulisemi mara nyingi. Aliyeutwaa ni Dave Nicoll wa Uingereza, akiwa juu ya BSA ya fo-stroki. Ulikuwa mlio wa mwisho wa mtindo ule. Mwaka uliofuata alishinda Sylvain Geboers kwa Suzuki, halafu Åke Jonsson na Adolf Weil kwa Maico, kisha De Coster akautwaa mara nne mfululizo, 1974 hadi 1977. Zote tu-stroki.

Kilichoota

Wale watoto wa kwenye kamba walikua. Mwaka 1972 uwanja wa Coliseum wa Los Angeles ulijazwa udongo kwa mbio za usiku, na aliyeshinda mbele ya wageni wa Ulaya ni Marty Tripes, mwenye miaka 16. Mwaka 1973 Jim Pomeroy alikwenda Hispania na Bultaco akawa Mmarekani wa kwanza kushinda raundi ya ubingwa wa dunia wa motokrosi. Miaka saba tu ilikuwa imepita tangu Hallman awaache wote vumbini. Mwaka 1974 AMA ilifungua daraja la taifa la cc 125, na kijana wa San Diego, Marty Smith, akalichukua juu ya Honda.

Mwaka 1981 Marekani ilipeleka Ulaya timu ya vijana wanne wa Honda kwenye mashindano ya mataifa. Wengi waliidharau. Ilirudi na ushindi wa cc 250 na wa cc 500, na ikaendelea kushinda Motokrosi ya Mataifa kila mwaka mpaka 1993, mara kumi na tatu bila kukatika. Meneja wa timu ile ya 1981 alikuwa Roger De Coster, Mbelgiji yuleyule aliyeletwa na Dye mwaka 1967 ili Wamarekani wamtazame.

Na sasa

Tu-stroki iliondolewa kwenye kilele kwa kanuni ya ukubwa wa injini. Fo-stroki iliruhusiwa kuwa kubwa karibu mara mbili: 250 dhidi ya 125, na dhidi ya 250 iliruhusiwa kuzidi hata 400. Mwaka 1997 Doug Henry alishinda Las Vegas juu ya Yamaha ya majaribio ya cc 400, mwaka 1998 akatwaa ubingwa wa taifa kwa ile ya dukani, na baada ya miaka kumi viwanda vingi vya Japani vilikuwa vimefunga mlango. Honda ilitengeneza tu-stroki zake za mwisho za motokrosi kwa mwaka 2007. Yamaha ilibaki na YZ125 na YZ250.

Watu wa kawaida ndio waliozirudisha, kwa sababu ya bili. Fo-stroki ya mbio ikivunjika valvu kwenye mzunguko wa elfu kumi na mbili kwa dakika, inakwenda na pistoni, kichwa na mara nyingine kranki. Mwaka 2010 uwanja wa Glen Helen, San Bernardino, ulianza kuwa na siku ya ubingwa wa tu-stroki, wanaoanza hapo ni wazee wenye pikipiki za miaka ya themanini na vijana wa 125 kwa pamoja, na Ulaya nako shirikisho lilifungua daraja la tu-stroki peke yake. Ni kusini hukohuko California ambako Hallman alionekana mara ya kwanza.

Kwetu hali ni tofauti, na nadhani ni nzuri kuliko tunavyoiona. Ukienda Jamhuri, Nairobi, au Garuga karibu na Entebbe siku ya motokrosi, watoto wa cc 50, 65 na 85 wote wako juu ya tu-stroki. Wanajua kuchanganya mafuta kabla hawajajua kugawanya kwa desimali. Pengo liko pale wanapofika miaka kumi na nne, kumi na tano. Mzazi anaambiwa sasa anunue fo-stroki ya 250, anapiga hesabu ya pikipiki na ya kuitunza, na mtoto anaacha. Daraja la 125 tu-stroki, peke yake, lenye raundi nne au tano kwa mwaka, ndilo linaloweza kumbakiza.

Jamaa mmoja wa gereji aliniuliza mwezi uliopita aanzie wapi. Nilimwambia kwanza aende kwenye shirikisho, KMSF akiwa Kenya, FMU akiwa Uganda, sasa hivi wakati jambo lenyewe bado ni dogo na hakuna anayelitaka, aandikishe jina na tarehe, na kila upande ubaki na nakala iliyotiwa sahihi. Tarehe azichague kwenye wiki zilizo wazi kwenye kalenda, asigombane na mtu. Halafu aache mabango. Atafute 125 mbili nzuri, ampate kijana mmoja anayejua kweli kupanda, na wiki baada ya wiki ampeleke kule vijana wa boda wanakokutana jioni, kwenye kiwanja cha vumbi chochote kinachoruhusiwa, afungue silinda mbele yao, aifunge, aiwashe, kisha yule kijana apande. Akipata kumi wanaotaka kujaribu, raundi ya kwanza ipo.

Akasema atalifikiria suala la karatasi, la 125 mbili anazo tayari. Tukatoka nje kutazama mtoto wa jirani akijaribu ile 65 ya mdogo wake, imeshakuwa fupi kwake, magoti yanagonga usukani. Jezi yake ilikuwa imeandikwa THOR kifuani. Nilimuuliza kama anajua maana yake, akasema ni jina la kampuni. Nikamwambia ni herufi za mwanzo za Torsten Hallman Original Racewear: mavazi ya mbio aliyoanza kuyashona kwao Uswidi, ambayo Lars Larsson aliyapeleka Marekani. Akainamia kifua chake akaisoma tena, kisha akauliza huyo Hallman alipanda cc ngapi.